Kuvezi ya vifaranga, mapafu ya ng'ombe na mtoto wa kilo moja

Pale fakilte ya agronomi, kuvezi ni sanduku la kuangulishia mayai. Pale maternite, kuvezi ni sanduku la kulazia mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati. Wengi wanafikiri ni majina tu yamefanana. Hapana, wandugu. Ile ya pili ilizaliwa na ile ya kwanza, na tunajua ilikuwa wapi na kwa mikono ya nani.

Karibu na mwaka 1880, Stéphane Tarnier, munganga mkubwa wa wazazi kwenye Maternité ya Paris, alitembelea bustani ya wanyama ya mji ule. Humo akakuta mashine ya kuangulia mayai ya ndege, kazi ya fundi mmoja jina lake Odile Martin. Tarnier alikuwa anajua namna vitoto vidogo vinavyokufa kwa baridi, hata ndani ya nyumba nzuri ya Ulaya. Akamwomba yule fundi amtengenezee sanduku la aina ile ile, lakini la kulaza watoto. Chini kuna maji ya moto, juu kuna watoto, katikati hewa inapita. Mwaka 1883 msaidizi wake, Auvard, alitangaza hesabu: kati ya watoto waliozaliwa na chini ya gramu 2000, waliokufa walishuka kutoka 66% hadi 38%. Hakuna dawa, hakuna umeme. Paka joto. Nawaomba muishike hiyo hesabu kichwani, tutaihitaji tena pale chini.

(Kwa wale wanaopenda mambo ya ajabu: kuanzia 1903 hadi 1943, kule Coney Island, New York, mtu mmoja jina lake Martin Couney alikuwa anaweka prematire ndani ya kuvezi na watu wanalipa kuingia kuwaangalia, sawa vile wanalipa kuona simba. Feza ya mlango ililipa wauguzi, na wazazi hawakulipa hata kitu. Lopitali nyingi za Marekani wakati ule hazikutaka kuangaika na watoto wale. Kila mtu ahukumu mwenyewe.)

Lakini joto lina mwisho wake. Kuna mtoto anawekwa kwenye joto, anapewa maziwa tone kwa tone, na bado anapumua kwa shida: mbavu zinaingia ndani, pua zinapanuka, anaguma kila mara anapotoa hewa. Nyuma ya siku mbili au tatu anachoka, anaacha. Waganga walipopasua mapafu ya watoto hao walikuta ndani utando unaong'aa kama kioo, wakaupa ugonjwa jina la utando ule. Miaka mingi walifikiri utando njo ugonjwa wenyewe. Ni mwaka 1959 tu ambapo Mary Ellen Avery, munganga kijana wa kike, pamoja na Jere Mead kule Boston, walionyesha kwamba shida si kitu kilichozidi ndani ya mapafu. Kuna kitu kilichopunguka. Kitu hicho kinaitwa surfaktanti.

Hapa wanafunzi wa agronomi wataelewa haraka kuliko wale wa sheria. Ukichanganya dawa ya wadudu na maji matupu, ukanyunyizia juu ya jani la shu, tone linabaki duara, linateleza, linaanguka chini. Ukitia ndani ile dawa ya kulowesha, tone linalala na kutandaa juu ya jani. Maji yanapenda kujivuta yenyewe kwa yenyewe, na ile dawa inavunja nguvu ya kujivuta. Mapafu yetu ni mamilioni ya vifuko vidogo vyenye unyevu ndani. Bila kitu cha kuvunja nguvu ya maji, kila kifuko kinajifunga na kushikana kama mufuko wa plastiki ulioloa. Mtu mzima anakitengeneza kitu hicho mwenyewe, hata hajui. Mtoto tumboni anaanza kuwa nacho cha kutosha karibu na wiki ya 34 au 35. Akitoka mbele ya hapo, kila pumzi kwake ni sawa na kupuliza puto jipya kwa mara ya kwanza. Jaribu kupuliza puto jipya mara 60 kwa dakika, usiku na mchana, na wewe una kilo moja na nusu.

Sasa, tarehe 7 Agosti 1963. Jacqueline Kennedy, mke wa rais wa Marekani, anazaa mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu mbele ya wakati. Ana kilo 2 na gramu kama 100. Kwa macho yetu huyo si hata mtoto mdogo sana, mama zetu wanawajua wadogo kuliko yeye. Lakini alikuwa na ugonjwa ule. Wakampeleka Boston, kwenye mji ule ule wa Avery, wakamwingiza ndani ya chumba cha chuma chenye hewa ya presha kubwa. Nchi yenye feza kuliko zote, waganga wakubwa, baba mwenye kuamuru majeshi. Mtoto alikufa tarehe 9 Agosti, ana saa 39.

Na huku kwetu? Mwaka 1963 Katanga ya kaskazini ilikuwa inatoka kwenye vita ya secession, vijiji vingi vilikuwa majivu. Nchi ilipata uhuru mwaka 1960 bila waganga wa kwake. Jason Sendwe, mzaliwa wa territoire yetu ya Kabongo, yule ambaye jina lake liko leo kwenye lopitali kubwa ya Lubumbashi, alisomea kutibu watu wakati wa Wabelgiji, lakini alisimamishwa kwenye cheo cha asistan medikali, juu udaktari wenyewe haukufunguliwa kwa Mweusi wa kizazi chake. Mtoto wa Kabongo aliyezaliwa Agosti 1963 na mapafu ambayo hayajakomaa alikufa. Mtoto wa Kennedy alikufa.

Mimi jambo hili linanishika sana. Tumezoea kusema kwamba Wazungu wako mbele yetu tangu zamani, kama vile ni kitu Mungu alichopanga. Kwa ugonjwa huu mmoja, mwaka 1963, mtoto wa rais wa Marekani na mtoto wa mkulima wa Kabongo walikuwa karibu sawa. Umbali ulioko leo una miaka kama 60 tu, na kila hatua yake ina tarehe na ina jina la mtu. Kwa hiyo tunaweza kuuliza hatua zipi zinawezekana huku na zipi bado.

Hatua ya kwanza niipendayo ni ya wanafunzi. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliingia Copenhagen, Denmark, kwa nguvu ya ajabu. Watu, wengi wao watoto, walikuwa wanapooza misuli ya kupumua, na lopitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache sana. Bjørn Ibsen, munganga wa kulaza watu usingizi kwa operesheni, akasema wapasue njia kooni, waweke mrija, na mtu asukume hewa kwa mufuko wa mpira kwa mkono. Mikono itoke wapi? Waliita wanafunzi wa universite. Kama wanafunzi 1500 walipokezana kwa miezi, usiku na mchana, kila mmoja anakamua mufuko kwa zamu yake, anamwangalia mgonjwa wake machoni. Vifo vilishuka sana. Kutoka pale njo kulizaliwa wazo la chumba cha wagonjwa mahututi na mashine ya kufanya kazi ya ile mikono. Nikisikia wanafunzi wa kwetu wanasema "sisi bado wanafunzi, tutafanya nini", ninawafikiria wale.

Mufuko wenyewe ulikuwa na kasoro: ulihitaji oksijeni ya chupa iujaze. Siku moja madereva wa kamyo wa Denmark waligoma, chupa zikakosa. Munganga mwingine wa kule, Henning Ruben, akatafuta mufuko unaojifungua wenyewe na kujaza hewa ya kawaida. Inasimuliwa kwamba wa kwanza aliutengeneza na vyuma vya tairi la baiskeli ndani, vile tunaviita reyo. Mwaka 1956 ulikuwa tayari. Ni ule tunaouita mpaka leo ambu. Watu wa Kabongo, ambao bila baiskeli hatusafirishi hata gunia moja la muhindi, tungeweza kuweka picha ya Ruben kwenye ukuta.

Mashine za watoto wachanga zilikawia. Mwaka 1964 kule Toronto, Canada, Maria Delivoria-Papadopoulos, munganga wa kike aliyezaliwa Ugiriki, na Paul Swyer walitangaza watoto wa kwanza wenye ugonjwa wa utando waliopona kwa mashine. Ilikuwa watoto ambao wengine walikuwa wameshawaacha. Lakini muelewe ugumu. Pumzi moja ya mtoto wa kilo moja ni kama mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Mashine za wakati ule zilitoka kwa watu wazima. Ukisukuma vijiko viwili fasi ya kimoja, unapasua kile ulichotaka kuokoa. Watoto wengi walipona mapafu ya leo wakabaki na mapafu ya makovu kwa miaka.

Mwaka 1971, San Francisco, George Gregory akaleta wazo lingine. Yeye na wenzake walisikiliza ile sauti ya kuguma. Kumbe mtoto anapoguma anafunga koo nusu ili hewa isitoke yote, vifuko visijifunge. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshagundua dawa! Na waganga, wakimwekea mrija kooni, walikuwa wanamnyang'anya dawa yake. Basi Gregory akaacha mtoto apumue mwenyewe, lakini akaweka presha ndogo isiyokatika ndani ya njia ya hewa. Kati ya watoto 20 wa kwanza, 16 walipona. Njia hiyo inaitwa CPAP.

Kisha ikaja namna ya CPAP ambayo mtu wa kijiji anaielewa kwa macho. Hewa yenye oksijeni inaingia puani mwa mtoto kwa mrija mfupi. Mrija wa kutokea unazamishwa ndani ya chupa ya maji. Ukizamisha sentimeta 5, presha ni ya sentimeta 5 za maji. Ukitaka 6, unashusha mrija sentimeta moja. Hakuna kompyuta pale. Mapovu yanatoka bubububu kwenye chupa, na kama mapovu yamesimama, unajua mrija umetoka puani au umefungana. Kwenye lopitali ya Columbia, New York, Jen-Tien Wung alishika njia hii tangu miaka ya 1970, wakati wenzake walikimbilia mashine kubwa. Mwaka 1987 Avery, ndiye yule yule wa surfaktanti, alilinganisha vituo vikubwa 8 vya Marekani: kituo cha Wung kilikuwa na watoto wachache kuliko vyote waliobaki na mapafu mabovu. Mashine ndogo ilishinda kubwa, na ndani ya Marekani yenyewe.

Niliwaahidi wanyama. Miaka ya 1960, New Zealand, Graham Liggins alikuwa anachunguza kwa nini kondoo anazaa siku anayozaa. Alikuwa anatia homoni ndani ya vitoto vya kondoo vilivyo bado tumboni. Kimoja kilizaliwa mapema sana, kilipaswa kufa palepale, lakini kilikuwa kinapumua. Liggins angeweza kusema "bahati" na kuendelea. Alifungua mapafu, akaona yamekomaa kuliko umri wake. Mwaka 1972, yeye na Ross Howie walitangaza majaribio kwa akina mama: sindano kwa mama mbele ya kuzaa inakomaza mapafu ya mtoto. Mwaka 1980, Tetsuro Fujiwara wa Japani alichukua surfaktanti kutoka mapafu ya ng'ombe akawapa watoto 10. Wanasayansi wa Sweden, Tore Curstedt na Bengt Robertson, wakachukua ya nguruwe. Yaani yai la kuku, kitoto cha kondoo, pafu la ng'ombe, pafu la nguruwe. Siku nyingine mtu akinidharau eti nimesoma miaka yote ile kwa ajili ya kulisha mifugo, nitamtumia ukurasa huu.

Kuna pia ukurasa mweusi, na siwezi kuuruka kwa sababu unagusa pochi yetu. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950, nchi tajiri zilianza kuwapa prematire oksijeni nyingi bila kipimo. Watoto walipona, kisha wakawa vipofu. Kama 10,000 hivi duniani. Oksijeni nyingi inaharibu mishipa midogo ya jicho ambalo halijamaliza kukua. Ilichukua miaka na majaribio ya 1954 mpaka waganga wakubali kwamba dawa yao njo ilikuwa inapofusha. Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950 mbele ya wakati, ni mmoja wa kizazi kile. Ukitoa oksijeni bila kipimo cha kidoleni, unafanya leo kile walichofanya wao wakati hawajajua.

Basi tuje kwenye maneno yetu. Mnajua wenyewe kwamba wiki hizi kwenye kundi tunabishana juu ya mchango. Yaya mmoja alipendekeza tununue mashine ya kupumulisha kwa ajili ya watoto wachanga wa kwetu, na wengi walijibu paka "amina". Nia ni nzuri, na hasira iliyo nyuma yake ninaielewa. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba katika Congo watoto 28 kati ya 1000 wanaozaliwa hai wanakufa mbele ya kumaliza mwezi. Kila mmoja kati yetu anaweza kutaja nyumba ambamo ilipita.

Lakini mashine ya kupumulisha haiji peke yake. Inataka umeme usiokatika hata dakika tano, hewa kavu ya presha, oksijeni, chombo cha kunyonya makamasi, laboratware ya kupima damu mara nyingi kwa siku, radiografi, na infirmiye asiyetoka pembeni ya kitanda, juu mrija wa mtoto wa kilo moja ukisogea sentimeta moja unaingia pafu moja tu au unatoka kabisa. Inataka pia fundi na vipuri. Uchunguzi uliotangazwa 2011 juu ya vyombo vya lopitali katika nchi maskini ulikuta karibu 40% havifanyi kazi. Nani kati yetu hajaona mashine ya zawadi iliyofunikwa na kitambaa kwenye kona, na sherehe ya kuipokea ilikuwa na fanfare?

Kwa hiyo niliangalia wenzetu wa karibu wamefanya nini. Kule Blantyre, Malawi, kwenye lopitali ya Queen Elizabeth, waganga walishirikiana na wanafunzi na maprofesa wa universite ya Rice ya Texas, akiwemo Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden. Wanafunzi wale walitengeneza CPAP ya mapovu kwa pompi za akwariamu, zile za kupulizia hewa samaki ndani ya nyumba. Bei yake ilikuwa mara zaidi ya kumi chini ya ile ya dukani. Wakaipa jina Pumani, neno la Chichewa la kupumua bila shida. Sisi watu wa Kiswahili hatuhitaji mkalimani kwa neno hilo. Mwaka 2014 walitangaza matokeo: watoto wachanga 62 walipewa Pumani, 44 wakapona, yaani 71%. Wengine 25 walipata oksijeni ya kawaida tu, wakapona 11, yaani 44%. Kwa wale wadogo kabisa, chini ya kilo moja na nusu, waliopona walikuwa 19 kati ya 29 kwa Pumani, na mmoja kati ya 13 bila Pumani. Mmoja. Ni hesabu ndogo na watoto hawakugawanywa kwa kura, wanafunzi wa takwimu watanikumbusha. Lakini hiyo ni Afrika, ni majirani wa majirani wetu, na mashine ilikuwa chupa, mrija na pompi ya samaki. Tangu 2019 mpango unaoitwa NEST360 unapeleka vyombo vya aina hii, pamoja na mafundi na masomo, katika lopitali za Malawi, Tanzania, Kenya na Nigeria.

Msishangilie haraka. Ndani ya Malawi hiyo hiyo, Salima, lopitali ya distrikti, walijaribu CPAP ya mapovu kwa watoto wakubwa kidogo, wa mwezi mmoja hadi miezi 59, wenye nimonia kali pamoja na VVU, utapiamlo au oksijeni ya chini sana katika damu. Matokeo yalitangazwa 2019. Waliopewa CPAP walikufa 53 kati ya 323. Waliopewa oksijeni tu ya kawaida walikufa 35 kati ya 321. Mashine iliua zaidi? Watafiti wenyewe walisema neno la kuangalia sana: pale hapakuwa na daktari wa kusimamia wagonjwa kila siku. Ni watoto wa umri mwingine na ugonjwa mwingine, sisemi ni kitu kimoja na prematire wa Blantyre. Lakini Salima inafanana na Kabongo kuliko Blantyre inavyofanana na Kabongo. Mtu akinionyesha picha ya mashine kwenye simu, mimi ninauliza kwanza nani atalala pale.

Na kuna hatua ya chini zaidi, ambayo kwa hesabu ya vifo inazipita zote. Tanzania ilianza 2009 kufundisha wakunga wa lopitali 8 njia ya kusaidia mtoto asiyelia: kumkausha, kumsugua mgongo, na kama hapumui, ambu ndani ya dakika moja ya kwanza. Matokeo yaliyotangazwa 2013 na Georgina Msemo na wenzake: vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1000. Karibu nusu. Nchi yetu nayo iko katika historia hii. Congo ilikuwa moja ya nchi sita za majaribio makubwa yaliyotangazwa 2010, ambapo wakunga wa vijijini walifundishwa huduma ya mtoto mchanga. Vifo vya wiki ya kwanza havikupungua kwa uhakika. Kilichopungua ni watoto walioandikwa "alizaliwa mfu": kutoka 23 hadi karibu 16 kwa kila 1000. Fikirini kidogo maana yake. Sehemu ya watoto waliokuwa wanafungwa kwenye kitambaa na kuzikwa nyuma ya nyumba hawakuwa wafu. Walikuwa wanangoja pumzi ya kwanza, na aliyewapokea hakufundishwa kuitoa.

Nimalize na joto, juu niliwaambia muishike hesabu ya Tarnier. Mwisho wa miaka ya 1970, kule Bogotá, Colombia, munganga Edgar Rey hakuwa na kuvezi za kutosha, watoto walilazwa wawili watatu ndani ya moja, wanaambukizana. Akafunga watoto kwenye kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Wanaita njia ya kanguru. Wakubwa wengi wa sayansi waliichukua kama dawa ya maskini. Mwaka 2021 OMS ilitangaza majaribio ya nchi tano, Tanzania na Malawi zikiwemo, kwa watoto wa kilo 1 hadi 1.8: wale waliowekwa kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie kwanza ndani ya kuvezi, walikufa 12% katika siku 28. Wale waliongojeshwa walikufa 15.7%. Walisimamisha majaribio mbele ya wakati, kwa sababu faida ilikuwa wazi. Na ili jambo hili liwezekane, lopitali zile zilibidi kuvunja sheria ya zamani: mama aliingizwa ndani ya chumba cha watoto mahututi, akapewa kitanda chake pale.

Pendekezo langu kwa mchango, na mniambie wapi mnapinga: kwanza ambu za saizi ya mtoto mchanga na maski zake, kwa maternite na kwa vituo vya afya vilivyo mbali, pamoja na siku za mafundisho kwa akusheze, na kurudilia mafundisho kila miezi michache, juu mikono inasahau. Pili vipimo vya oksijeni vya kidoleni vyenye kishikio cha mtoto mdogo. Tatu konsantrateri moja ya oksijeni na pano za jua na betri za kuibeba usiku, na mtu anayejulikana jina wa kusafisha kichungi chake. CPAP ya mapovu baadaye, siku infirmiye wawili watakuwa wametumwa kujifunza kwenye lopitali inayoitumia kila siku. Na kabla ya hayo yote, vitanda vinne na magodoro kwa akina mama, pembeni ya watoto wao. Wale walioko Kamina na Lubumbashi wanitumie bei, wale wa menuiserie hapa Kabongo nimeshaongea nao juu ya vitanda: mbao ipo, wanangoja vipimo.